Chuma cha Kupozea Sufuria

Gari lile lilinusurika vita kwa sababu halikuweza kubeba mbuzi wawili. Kila kundi lenye silaha lililopita Baraka, mji wetu wa ziwani, lilikuja kulitazama, na kila mara mambo yalikuwa yale yale. Mkubwa wao analizunguka, anafungua mlango, anatafuta viti vya nyuma, havioni. Anainama, anakuta nafasi ya kuweka mwavuli na labda mkate mmoja.

"Hii gari ni ya kubeba nini?"

Baba mkwe wangu, alipokuwa hai, alijibu kwa heshima: "Inabeba muntu na bibi yake, mukubwa. Wakigombana, inabeba muntu mumoja."

Wanacheka, wanaondoka na lori la jirani.

Lilikuwa gari dogo la Kiingereza la mbio, lisilo na paa, usukani upande wa kulia, pua ndefu kuliko mwili. Mzungu wa pamba alilileta zamani, wakati pamba ya Fizi bado ilikuwa na mnunuzi, na alipoondoka alimwachia baba mkwe, aliyekuwa karani wake. Vita vya kwanza vya nchi yetu vilipoanza baba mkwe alilivua magurudumu, akayafukia chini ya mihogo, akawaingiza kuku wa mama mkwe ndani. Kuku walilizoea kabisa. Walitagia kiti cha kushoto na kulala kiti cha kulia, na hakuna askari aliyetaka kukaa pale wala pale.

Mimi nilikuwa fundi wa motere, yaani injini, za mashua. Shule niliiacha mapema, lakini nilikuwa na kitabu cha Kifaransa cha ufundi kisicho na jalada, na nilikuwa na tabia ya kufungua kitu polepole, kupanga vipande vyake juu ya turubai kwa mfuatano, kisha kukirudisha kinyumenyume. Ndivyo nilivyolifahamu gari lile. Baada ya baba mkwe kufariki nililiwasha mara chache, nje ya saa za kuku, ili lisisahau kazi yake. Sikuwa na mahali pa kwenda nalo.

Halafu katika vita vya pili, mwaka ambao barabara ya kupanda Fizi ilitulia kwa majuma kadhaa, pakatokea mahali pa kwenda.

Mtoto wa mwisho wa mama mkwe, dada mdogo wa mke wangu, alikuwa Fizi-Centre, juu ya vilima, kwa shangazi yake tangu barabara ilipofungwa. Sasa alikuwa anaolewa na mwalimu, Jumamosi, kanisani. Mama mkwe alikuwa hajamwona muda wote huo. Na hakuwa na njia ya kufika. Siku tulipokimbilia mitumbwi alianguka juu ya mawe, nyonga ikavunjika, na mfupa ukajiunga unavyotaka wenyewe. Alitembea uani kwa fimbo. Kwenye moto, yaani pikipiki, hakuweza kupanua miguu. Malori yalikuwa yameshakwenda na askari. Vijana wa kanisa walijitolea kumbeba kwa kipoyi, ile machela ya mianzi ambayo mabegani mwa watu wanne hubeba wagonjwa hadi hospitali. Aliwashukuru, akakataa.

"Mi siende ku ndoa ya mutoto wangu nikiwa nimelala," alisema. "Mwenye kuletwa amelala, bantu banamuimbia wimbo ingine."

Bibi-arusi naye alituma neno kwa dereva wa pikipiki: "Kama Mama hajafika, mi sitoke mu nyumba. Pasta atanikuta na vazi ya kulima."

Watu wa familia ile hawatanii wanapotaja nguo. Jioni ile mke wangu alisimama mbele ya gari, mikono kiunoni, kuku wakimtazama.

"Baba wa batoto," aliniambia, "hii kitu inaweza kupanda Fizi?"

Nilimjibu kwamba sijui, lakini naweza kujua.

Tukalifukulia magurudumu. Nilipanda na shemeki yangu, kaka wa mke wangu, mtu mwenye mdomo mrefu kuliko mgongo wake. Tambarare hadi chini ya vilima gari liliimba. Tulipoanza kupanda likaendelea kuimba, lakini mshale wa presha ya oili ukaanza kushuka, na kabla ya kona ya pili ulikuwa chini kabisa. Nikazima. Maji ya radiatere yalikuwa salama. Aliyechoka alikuwa oili. Nilichomoa kijiti cha kupimia: oili ilidondoka nyepesi kama chai ya rangi. Oili ikifika hapo haitenganishi tena chuma na chuma, na motere huanza kujila yenyewe. Gari lile lilitengenezwa kwa nchi ya baridi, watu wazunguke vilima vidogo Jumapili na kofia zao. Habari za kilima chetu lilikuwa halijaambiwa.

"Kwa hiyo inataka nini?" shemeki aliuliza.

"Radiatere ya pili. Ya oili peke yake."

"Na ya tatu ya kwetu. Mi pia naiva."

Hapa nieleze kosa la kwanza, kwa maana ni kosa la watu wa ziwa. Sisi tunapoza kila kitu kwa maji. Motere ya mashua inakunywa ziwa upande mmoja na kulitema upande mwingine, na ziwa haliishi. Tena kila mtaa una mtu anayetoa lotoko, gongo ya kwetu, na kila anayetoa lotoko ana bomba la shaba lililozungushwa kama nyoka ndani ya pipa la maji: mvuke unaingia juu, pombe inatoka chini. Nililitazama bomba la namna hiyo nikaona jibu. Niliazima moja kwa mama jirani, nikaliweka ndani ya ndoo kubwa nyuma ya viti, nikaijaza maji, nikapitisha oili ya motere ndani ya shaba. Kwa karatasi hesabu ilikuwa nzuri.

Tulipopita sokoni maji yalianza kutoa mvuke. Watu waliona shaba, wakaona mvuke, wakaona shemeki amekaa karibu na ndoo akicheka bila sababu, na wakafikia uamuzi wao. Wanaume watatu walitufuata mbio na vikombe.

"Ni mafuta ya motere!" niliwapigia kelele.

"Tutaionja tu!" mmoja alijibu.

Chini ya kilima ndoo ilichemka. Shemeki alikuwa amebeba viazi vitamu mfukoni. Akavitumbukiza, vikaiva vizuri. Mshale ulibaki juu, naapa, ulibaki juu muda wote ambao maji yalikuwapo. Maji yalipokauka ukalala. Kwenye mashua maji yanakufuata. Barabarani unayaacha nyuma. Tulirudi tukila viazi, na bomba nililirudisha kwa mwenyewe. Alinilalamikia kwamba lotoko yake sasa inanukia mafuta ya motere, lakini wateja walisema imezidi nguvu.

Ilikuwa Jumapili, siku sita kabla ya harusi. Usiku nilifungua kitabu changu na kufikiria upepo.

Upepo nilikuwa nimeuona ukifanya kazi hiyo. Kiwanda cha pamba kilikuwa na jenereta kubwa isiyotumia maji hata tone, inapozwa kwa feni tu, na ubavuni mwake palikuwa na radiatere ndogo ya oili, safu ya mabomba membamba yaliyovikwa mapezi ya chuma. Niliisafisha mara nyingi kwa brashi nilipofanya vibarua pale. Kiwanda kiliporwa katika vita vya kwanza. Paa liliondoka, milango ikaondoka, na jenereta ikaondoka kipande kwa kipande, kila mtu na kipande kilichompendeza.

Asubuhi nilimweleza mke wangu kitu ninachokitafuta, ili aulize sokoni. Nilimchorea kwa mkaa sakafuni. "Ni kama kitabu kinene kilichosimama. Kurasa zake ni chuma. Ukipitisha mkono juu yake unasikia inakwaruza."

Alitazama mchoro, akaweka kitambaa mdomoni, mabega yakaanza kutikisika.

"Unacheka nini?"

"Ile ni ya Mama. Ile anatuliaka sufuria."

Baba mkwe alikuwa amekiokota siku ya uporaji, akampa mkewe zawadi. Yeye alikiweka jikoni na kugundua kwamba sufuria ya bugali ikiteremshwa moto juu yake hupoa mapema kuliko ikiwekwa chini. Alikiita chuma cha kupozea. Miaka yote niliyooa, kila bugali niliyoletewa kutoka nyumba ile ilikuwa imepumzika juu ya radiatere ya oili ya jenereta, nami fundi mzima nikila na kusifu ufundi wa mpishi.

Sasa msomaji wa kwetu ameshaona ugumu ulipo. Kwetu mwanaume na mama wa mke wake wanaheshimiana kwa umbali. Hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawakai mkeka mmoja, hawapeani mkono, na neno kati yao linapita kwa mtu wa tatu. Jiko la mama mkwe ndipo mahali pekee kwenye ufuko wote wa ziwa ambapo mguu wangu hauwezi kuingia. Kipande nilichokihitaji kilikuwa pale, chini ya sufuria.

Mke wangu akawa balozi. Nilisimama nyuma ya ukuta wa jiko, nikisikia kila kitu na kutosikia lolote, kama adabu inavyotaka.

"Mwambie bwana yako," sauti ya mama mkwe ilitoka, "kama anakuwa na njaa, aombe chakula. Chuma hailiwake."

"Mama, anakitaka juu ya gari. Juu ya kukufikisha ndoa."

Nikasikia sufuria ikiteremshwa chini.

"Mwambie nakopesha, sipane. Asitoboe. Asipige nyundo. Na mpaka siku itarudi, bugali itakuwa ya moto, mutaungua ulimi, na musinililie."

"Nimesikia," nikasema ukutani.

"Hajasikia kitu," mama mkwe alimwambia binti yake. "Mwambie."

Kukisafisha kulichukua siku nzima. Katikati ya mapezi mlikuwa na bugali ya tangu amani, magamba ya samaki, na pete ya shaba ambayo mke wangu aliipoteza akiwa msichana na iliyosababisha mdogo wake apigwe bure. Nilichokonoa kila nafasi kwa spoku ya baiskeli. Ndani nilisukutua kwa petroli hadi ikatoka safi. Kisha nikaziba tundu moja, nikaunga pampu ya baiskeli kwenye lingine, tukakizamisha ziwani, shemeki akapampu. Kwa watu wa ziwa hakuna kipimo kingine: kinachovuja kitatoa povu. Hakikutoa povu. Shemeki alitoa jasho na maneno.

"Mi nikizamishwa hivi, povu itatoka wapi?"

"Kwa mdomo, kama siku zote," mke wangu alimjibu kutoka ufukoni.

Mipira ya kupitishia oili nilikata kwenye mashine ya kushindilia pamba, ambayo hakuna aliyeweza kuibeba. Ilikuwa mipira minene yenye waya ndani, inayostahimili presha. Nati za gari la Kiingereza hazilingani na nati yoyote iliyowahi kuvuka ziwa letu, kwa hiyo nilikata ncha za bomba la akiba la gari lenyewe, la aina ile inayotoa oili kwenye motere kuipeleka kwenye kichujio, nikaziunganisha kwa shaba na ncha za mipira. Bomba hilo Mzungu alilisahau ndani ya buti, sanduku la nyuma la gari; la asili nililiweka chini ya kiti, zima. Ni kanuni yangu: usifanye kitu usichoweza kukirudisha.

Mahali pa kukiweka nilipafikiria sana. Wengi wangekiweka chini ya bampa, wapate upepo wa mwendo. Lakini tunapanda Fizi kwa mwendo wa mtu anayetembea. Upepo wa mwendo utoke wapi? Nilikining'iniza mbele ya radiatere ya maji, nyuma tu ya yale meno ya puani, ambapo feni ya motere inavuta hewa kupitia vyote viwili hata gari likisimama. Nilikifunga kwa vipande vya mpira wa tairi, kisitikiswe mpaka kipasuke, na sikukitoboa. Nilikijaza oili kwa faneli kabla ya kukaza nati ya mwisho. Kisha nikatoa plagi za cheche na kuzungusha motere kwa mkono, kwa ile hendeli ya mbele, mpaka mshale ukanyanyuka wenyewe kama mbwa aliyeitwa jina. Hapo ndipo nilipoziweka plagi na kuwasha. Nilikaa kando yake nikigusa: mpira mmoja moto sana, mwingine vuguvugu tu. Mama mkwe alikuwa sahihi. Kilikuwa chuma cha kupozea.

Ilibaki hesabu ya viti. Viti viwili. Kimoja cha mama mkwe. Kingine cha shofere, na shofere pekee ni mkwe wake, bega kwa bega naye, magoti karibu yagusane, saa nyingi. Shemeki aliwahi kugusa usukani mara moja na kuingiza moto ya mtu ziwani. Nilimtazama mke wangu. Alikuwa tayari ananitazama.

Nilimfundisha ufukoni kwa asubuhi mbili, kati ya nyavu zilizoanikwa. Nilimpa gia ya kwanza na ya pili. Ya tatu sikumwonyesha. Kwa kilima haina kazi, na usalama ni usalama. Aliua ndoo moja na kutoa kelele za furaha ambazo sikuwahi kumsikia akizitoa, hata siku ya harusi yetu. Bamama waliokuwa wanaanika ndagala, dagaa wa ziwa letu, waliacha kazi wakawa wanahesabu mizunguko yake kwa vigelegele. Mimi je? Mimi nilijipangia mahali juu ya kifuniko cha buti, mgongo kwa watu, uso kwa vumbi tunaloacha, miguu juu ya bampa, kamba kiunoni, kopo la oili mapajani. Hivyo ningesafiri na mama mkwe bila kusafiri naye.

Swali la mwisho lilikuwa mshale. Uko kwenye dashibodi. Mke wangu angehitaji macho yote kwa barabara. Kwa hiyo ilikubaliwa kwamba mama mkwe ausome, amwambie binti yake, na binti yake aniambie mimi.

Ijumaa asubuhi kuku wakaondolewa, viti vikafutwa, mama mkwe akashushwa kitini na kitenge kipya, amenyooka kama hakimu. Alipokwisha kukaa mbele, mimi sikuweza tena kupita mbele. Ningekutana na uso wake. Nilizunguka kwa nyuma, nikajifunga kamba, nikasema: "Twende." Ukaguzi wangu wa mwisho wa pua ya gari sikuufanya. Mkumbuke hilo.

Sijui kama Baraka iliwahi kuona kitu kama sisi. Mwanamke anaendesha, mama yake kama malkia kushoto, na nyuma mwanaume amefungwa kamba akiangalia kinyume kama mbuzi wa soko. Watoto walikimbia pembeni yangu, uso kwa uso nami, wakiuliza nimeiba nini.

Kwenye kizuizi cha barabarani mtu mzima mwenye bunduki alisimamisha gari, akanitazama muda mrefu.

"Huyu amefanya nini?"

"Hajafanya kitu," mke wangu alisema. "Huyu mbele ni Mama yangu."

Mtu yule akamtazama mama mkwe, akanitazama mimi, akatazama viti viwili. Uso wake ukafunguka. "Aa! Mukwe!" Akageuza macho yake upande wa mihogo, kwa heshima, akanyanyua mti wa kizuizi bila kuomba hata sigara. "Pita, pita. Mi pia niko naye wangu. Asante Mungu mi sina gari."

Tambarare ya mwisho mke wangu aliigundua gia ya tatu peke yake. Niliijua kwa sababu kwa muda mfupi mimi na buti hatukuwa tunagusana.

Tukaanza kupanda.

"Mwambie bwana yako, mushale iko juu," mama mkwe alisema.

"Mama anasema mushale iko juu."

"Mwambie Mama asante."

"Anasema asante."

Kona ya kwanza, juu. Kona ambapo siku ya kwanza mshale ulilala, juu. Nilianza kuimba peke yangu, ziwa likizidi kupanuka chini ya miguu yangu kila tunapopanda, kama mtu analikunjua. Nilikuwa na hakika kwamba hakuna mwanaume mwenye furaha kuliko mimi aliyefungwa kamba.

Halafu nikasikia harufu ya samaki wa kuchoma.

Nilifikiri ni kijiji. Lakini vijiji vya upande ule vilikuwa vimehamia porini. Hapakuwa na moshi popote. Harufu ilikuwa nzuri, ya mgebuka, na chumvi.

"Mwambie mushale inashuka," alisema mama mkwe.

Mke wangu alikuwa kwenye kona mbaya, meno yamebana, hakusema kitu. Mimi nilimsikia mama mkwe vizuri kabisa. Umbali kati yetu ulikuwa mkono mmoja. Na, ninaandika hivi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, nilikaa nikisubiri kuambiwa.

"Mwambie imefika kati."

Samaki walizidi kunukia.

"Mwambie imelala! We mutoto, mwambie mushale imelala!"

Mke wangu alikuwa anapigana na usukani. Ndani ya motere nilisikia mlio mpya, mkavu, kama mtu anayesaga karanga bila mafuta, na nikaona Jumamosi yote, bibi-arusi na vazi la kulima, kipoyi kikishuka kutuchukua.

"Mama!" nikapiga kelele. "Funguo! Zungusha funguo! Zima!"

Akazima.

 Mke wangu alikanyaga breki. Mimi nilijifungua kamba, nikaweka jiwe nyuma ya gurudumu, nikabaki nimechuchumaa na jiwe langu, nisijue pa kwenda. Katika ndoa yangu yote sikuwahi kumwambia mama yule neno moja kwa moja, na la kwanza nililomwambia lilikuwa amri.

"Mwambie bwana yako," sauti ilitoka polepole, "nimemusikia. Na Fizi pia bamemusikia."

Mke wangu aliegemeza kichwa juu ya usukani. Mabega yakaanza kutikisika kwa kicheko.

Nilihitaji kufika puani. Mama mkwe alijifunika kitenge usoni, nikapita macho chini, nikainama. Mbele ya meno ya gari, juu ya radiatere yangu ya oili, kulikuwa na furushi pana la majani ya ndizi, limefungwa imara kwa kamba ya wavu, kutoka taa hadi taa. Majani yalikuwa yamegeuka kahawia na yanatoa moshi. Ndani, migebuka minane ya alfajiri ile, zawadi kwa wakwe wapya, imeiva upande mmoja.

"Nani ameweka samaki hapa?" niliiuliza barabara.

"Mwambie ni mimi," kilijibu kitenge. "Nilimutuma kaka yako aifunge asubuhi. Ile chuma si ya kupoza? Samaki ni mubichi, njia ni ya mbali. Nikasema ikae ku baridi."

Kwa hesabu yake hakukosea hata mahali pamoja. Chuma kilichopoza sufuria zake kila siku kwa nini kisipoze samaki? Kilichobaki ni kwamba joto la sufuria huenda mahali, na asubuhi ile la oili lilikwenda kwenye samaki waliouzibia upepo njia. Nilitaka kumweleza mke wangu ili amweleze, nikafungua mdomo, na kikatoka kicheko. Kitenge nacho kikaanza kutikisika. Tulicheka watatu, kila mmoja akiangalia upande wake.

Tulisubiri motere ipoe. Mgebuka mmoja tuliukata: wao walikula mbele, mimi nilikula nyuma, na miiba tuliitupa bondeni pande mbili tofauti. Furushi nililihamishia mapajani mwangu. Nikachungulia oili, nikaongeza kutoka kwenye kopo, nikaomba Mungu na kuomba wawashe. Mshale ukanyanyuka. Mlio ulikuwa laini. Upepo ulipita tena kati ya mapezi, na tangu hapo hadi juu mama mkwe alitangaza hali ya mshale kila tulipopita mti mkubwa, bila kuombwa, kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo kanisani.

Tuliingia Fizi-Centre gia ya pili, honi ikilia. Bibi-arusi alitoka mbio nyumbani kwa shangazi akiwa kweli amevaa vazi la kulima. Mama mkwe aliinua mkono asisaidiwe. Alifungua mlango mwenyewe, akaweka fimbo chini, mguu mmoja, akangoja, mguu wa pili, akasimama. Ndipo alipomruhusu mwanawe amwangukie, na wote wawili karibu wadondoke juu ya kuku mmoja aliyetokea chini ya kiti, akitukana. Alikuwa amesafiri nasi bila mtu kujua.

Mwanaume aliyemsemesha mama mkwe wake hulipa. Nilimkamata kuku yule hapo hapo, nikampa mke wangu ampelekee mama yake, ili jambo liishe.

"Mwambie bwana yako," lilirudi jibu, "hiyo ni kuku yangu. Atafute ya kwake."

Harusi ilifungwa. Samaki walimaliziwa upande wa pili, na wakwe wapya wakauliza watu wa Baraka wanatumia kuni gani, maana moshi wake una ladha ya pekee. Mke wangu alisema ni siri ya ziwa.

Jumatatu, kabla ya kurudi, ujumbe ulinifikia kwamba siku ya mkopo imefika. Nilifikiri, na nikaona ana haki: kushuka hakuhitaji radiatere ya oili, mteremko unafanya kazi yote. Nikatoa bomba la asili kutoka chini ya kiti, nikalirudisha mahali pake, nikafungua vipande vya mpira, nikakifuta chuma kwa majivu na sabuni. Hakikuwa na tundu jipya hata moja. Mke wangu alikipeleka. Mama mkwe alipitisha kidole juu ya mapezi, yakakwaruza, akakipakata mapajani kama mjukuu.

Nilijifunga kamba yangu. Ziwa lilikuwa mgongoni mwangu safari hii, na mbele yangu Fizi ikipunga mikono, bibi-arusi ameliacha vazi la kulima, amevaa kitenge cha mke wa mwalimu. Injini iliwaka. Kizuizi kilikuwa mbali, barabara ilikuwa kavu.

"Mama," nilimsikia mke wangu akisema, "sasa tunashuka. Nitaenda polepole."

"Polepole ya nini?" alisema mama mkwe. "Tia ya tatu. Na mwambie bwana yako ajikamate."